Jitu Juu ya Barabara: Jinsi Reynold Brown Alivyolijenga Bango la 1958

Mwanamke amesimama juu ya barabara kuu ya darajani, mguu mmoja upande huu, mwingine upande wa pili. Ameinama kidogo, na mkononi ameshika gari alilolinyakua njiani. Chini yake magari yamegongana na watu wanakimbia kuokoa roho zao. Hilo ndilo bango la filamu ya Attack of the 50 Foot Woman, iliyotolewa na kampuni ya Allied Artists mwaka 1958. Mchoraji wake ni Reynold Brown. Wapenzi wengi wa mabango ya zamani ya sinema wanalijua bango hili hata kama hawajawahi kuiona filamu yenyewe.

Aliyevutwa na bango hilo mpaka akakata tiketi alikutana ukumbini na kitu tofauti kabisa. Filamu ni ya picha nyeusi na nyeupe, inachukua saa moja na dakika chache, na iligharimu takriban dola 88,000, kiasi kidogo sana kwa Hollywood ya wakati ule. Mwongozaji wake, Nathan Juran, alitajwa humo kwa jina la Nathan Hertz. Hadithi inamhusu Nancy Archer, tajiri anayeigizwa na Allison Hayes, ambaye anakutana na jitu kutoka anga za mbali katika jangwa la California, kisha naye akaanza kukua. Kwa muda mrefu mtazamaji anaonyeshwa mkono tu, mkono mkubwa wa bandia. Mwili mzima unapotokea karibu na mwisho, umetengenezwa kwa kupandanisha picha mbili kwenye ukanda mmoja, na kazi hiyo ilifanywa kwa fedha kidogo kiasi kwamba mandhari ya nyuma yanaonekana kupitia mwilini mwa Nancy. Anaushambulia mji mdogo. Barabara kuu ya darajani haimo popote.

Kwa hiyo jitu zito, lenye nyama na uzito wa kutisha, halikuzaliwa na kamera. Lilizaliwa na brashi. Namna brashi hiyo ilivyofanya kazi inaweza kufuatiliwa hatua kwa hatua.

Brown alizaliwa mwaka 1917. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa mchoraji wa kiufundi katika kiwanda cha ndege cha North American Aviation, kazi isiyovumilia mstari uliopinda wala kipimo cha kubahatisha. Baadaye alifundisha uchoraji katika chuo cha Art Center huko Los Angeles, na kupitia ualimu huo akafahamiana na Mischa Kallis, msimamizi wa sanaa wa kampuni ya Universal, aliyemwingiza katika kazi ya mabango. Kufikia 1958 alikuwa ameshachora mabango ya Creature from the Black Lagoon (1954), Tarantula (1955) na The Incredible Shrinking Man (1957). Jambo la ukubwa na udogo wa viumbe lilikuwa limeshamkaa mkononi.

Jitu likichorwa peke yake kwenye karatasi tupu, hakuna atakayejua kuwa ni jitu. Linahitaji kipimo pembeni yake. Brown aliweka vipimo vitatu, na vyote ni vitu ambavyo jicho la Mmarekani wa mwaka 1958 liliujua ukubwa wake bila kufikiri: mtu, gari na barabara. Akavipanga chini, kati ya miguu ya mwanamke na kuizunguka, ili jicho lianze na watu wadogo, lipande kwenye magari, lifuate barabara, kisha lipande miguuni hadi usoni. Miguu iliyopanuka inaunda pembetatu pana chini na kichwa kikiwa kileleni. Mtazamaji anapandishwa kwa mpangilio, na kila hatua inamwongezea mwanamke urefu.

Hesabu yenyewe, hata hivyo, haikubali. Futi 50 ni mita 15 na kidogo, karibu sawa na jengo la ghorofa nne. Miguu ya binadamu ni kama nusu ya urefu wake, kwa hiyo ya mwanamke huyo ingekuwa na mita saba na nusu hivi. Njia moja ya magari katika barabara kuu ya Marekani ina upana wa takriban mita 3.6, hivyo njia nne zinakaribia mita 14 na nusu, kabla ya kuongeza kingo. Mwenye miguu ya mita saba na nusu hawezi kuweka mguu huku na mguu kule wa barabara ya namna hiyo na bado akasimama kwa raha kama anavyosimama huyu. Fundi aliyezoea michoro ya ndege hawezi kuwa alikosea kupima. Alimkuza kupita futi zilizotajwa kwenye jina la filamu kwa sababu idadi ya futi husomwa kwa herufi, ila ukubwa husomwa kwa jicho, na jicho ndilo lililopeleka mkono mfukoni.

Hata mahali alipomweka ni uamuzi wa kifundi. Mwaka 1956 Rais Eisenhower alitia saini sheria ya kujenga mtandao wa barabara kuu wenye urefu wa maili 41,000, na Los Angeles ilikuwa tayari inajaa madaraja na njia za kasi. Gari na barabara mpya vilikuwa fahari ya enzi ile. Mwandishi wa filamu alilipeleka jitu jangwani na kwenye mji mdogo. Mchoraji akalitoa huko na kulisimamisha juu ya kitu ambacho Wamarekani walikuwa wakikijenga kwa majivuno makubwa.

Kisha kuna rangi. Filamu nyingi za kubuni za kisayansi za miaka ya 1950 zilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, ilhali mabango yake yaliwaka rangi tupu. Mchoro uliomalizika ulipigwa picha na kugawanywa katika wino nne, samawati, majenta, njano na nyeusi, kisha ukachapwa kwa vitone vidogo ambavyo jicho huvichanganya. Wino mweupe haumo kati ya hizo nne: nyeupe ni karatasi iliyoachwa bila kuguswa. Ndiyo maana vazi jeupe la mwanamke wa Brown linang'aa kuliko kitu chochote kinachochapwa juu ya karatasi hiyo, na ndiyo maana jicho la mpita njia linatua kwake kwanza.

Mpangilio wa mchoro ulipaswa pia kustahimili kukatwakatwa. Bango la kawaida lilikuwa na inchi 27 kwa 41, lakini kampeni moja iliweza kuwa na bango jembamba la inchi 14 kwa 36, la kulala la inchi 22 kwa 28, na la mraba la inchi 81 kila upande, mbali na yale makubwa ya kubandikwa kando ya barabara. Umbo moja lenye nguvu, linalosomeka kutoka ng'ambo ya mtaa, lilivumilia mabadiliko hayo kuliko mandhari yenye watu kumi wa kutambuliwa majina.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba mabango yalitia chumvi kwa sababu filamu zilikuwa maskini. Forbidden Planet ya 1956 inakanusha hilo. Kampuni ya MGM iliipiga kwa rangi na kwa skrini pana, ikatengeneza roboti Robby kwa ustadi mkubwa, na kumwazima Joshua Meador kutoka Disney achore dubwana la nishati. Bado bango linamwonyesha Robby akiwa na sura ya kutisha, amembeba msichana aliyezimia. Hakuna tukio kama hilo katika filamu. Robby ni mpole, na ameundwa asiweze kumdhuru binadamu. Anapoamriwa kufanya hivyo mitambo yake inakwama kwa cheche. The Day the Earth Stood Still ya 1951 nayo ina bango lenye mkono mkubwa ulioishika dunia, na mkono huo haumo katika filamu. Hapa bango linafanya kazi yake yenyewe: linachukua hofu iliyomo katika wazo la filamu na kuipa mwili mmoja unaoeleweka kwa sekunde mbili.

Kampuni ya American International Pictures iliufikisha utaratibu huo mwisho wake. James Nicholson alikuwa akianza na jina, kisha bango, na filamu ikafuata. Bango la The Beast with a Million Eyes (1955) liliahidi dubwana ambalo filamu haikuwa nalo, na malalamiko yalipotokea, Paul Blaisdell alilazimika kuunda kiumbe kidogo haraka kwa fedha chache.

Njia nyingine ilikuwepo tangu zamani. Heinz Schulz-Neudamm alipochora bango la Metropolis ya Fritz Lang, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Berlin Januari 1927, hakuhitaji mtu anayekimbia wala msichana aliyezimia. Aliweka roboti mbele na majengo marefu nyuma, yote kwa mistari iliyonyooka na rangi chache, hata uso na mji vikaonekana vimetoka katika kiwanda kimoja. Schulz-Neudamm anaonyesha ulimwengu. Brown anaonyesha ajali inayotokea sasa hivi. Nakala nne tu za bango hilo la Metropolis zinajulikana kuwepo, na moja iliuzwa kwa dola 690,000 mwaka 2005.

Uhaba wa mabango ya zamani una sababu ya kikazi. Nchini Marekani, kuanzia 1940, kampuni ya National Screen Service ndiyo iliyosambaza sehemu kubwa ya mabango, ikiyachapa namba ndogo chini, ambayo mwanzo wake hutaja mwaka: 58 kwa filamu za 1958. Mabango yalisafirishwa yakiwa yamekunjwa, yakabandikwa, yakarudishwa au yakatupwa. Mikunjo na namba hiyo ndivyo vitu vya kwanza vya kutazama kwa anayetaka kutofautisha bango la enzi ile na nakala ya juzi.

Jina la mchoraji halikuwa sehemu ya biashara hiyo. Brown alipatwa na kiharusi mwaka 1976, kazi yake ya mabango ikakoma, akahamia Nebraska na kuendelea kuchora mandhari hadi alipofariki mwaka 1991. Jitu lake limeshawekwa kwenye fulana, vikombe na kuta za mikahawa duniani kote, mara nyingi likiwa na jina la filamu peke yake. Kila linapochapwa upya, jina la Reynold Brown linastahili kuandikwa hapo hapo, kwa herufi zinazosomeka.