Mpira wa Kamba na Ardhi Yake: Mwongozo wa Mnunuzi wa Mulongwe

Mtu anayeinua mpira wa kamba, akaubinya mara moja na kusema "huu mzuri," amesahau kuuliza: mzuri wapi? Mji wetu wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Ukiufuata mto Mulongwe kuteremka hadi ufukweni, kwa mwendo mfupi tu wa miguu unapita kwenye mawe, udongo, nyasi na mchanga. Mpira unaotamba chini pale ufukweni ukipandishwa kwenye changarawe unaweza kufumuka kabla ya bao la pili.

Kwanza ujue unachokishika. Ndani kuna kiini cha matambara, cha mifuko ya plastiki iliyobanwa, au cha majani makavu ya mgomba. Juu yake huja ganda la plastiki au kitambaa, na nje kabisa wavu wa kamba, ama ya nailoni ama ya mgomba. Kiini cha plastiki ni chepesi na hakinywi maji, ndiyo maana mafundi wengi wanakipenda. Lakini Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya 2017, Tanzania bara 2019. Waliotunga sheria hizo nadhani hawakuwafikiria wachezaji wa chandimu, soka la mitaani.

Anayejua haanzi na macho, anaanza na kiganja. Zungusha mpira polepole mkononi uyahisi mafundo. Kwa fundi hodari ni madogo, yametawanyika, na yamezama katikati ya nyuzi. Fundi mvivu humalizia kamba zake zote mahali pamoja, na hapo mpira unapata kitovu. Kitovu hicho ni kizito, na kizito huvuta. Kama mpira ni wa plastiki tupu, ziwa liko karibu: uweke juu ya maji tulivu, uuzungushe, uuache utulie, kisha urudie. Ukigeuza upande uleule chini kila mara, mzani wake umeharibika, na ukipigwa utapinda bila kuombwa. Wa matambara usiujaribu hivyo, utaondoka na sponji.

Kudunda kusikuhadae. Mpira uliojaa ndani haudundi kama wa dukani, na hiyo si kasoro. Kasoro ni kudunda kwa namna mbili: upande huu unaruka hadi gotini, upande ule unaanguka pu!

Sasa ardhi. Mpira uliopigwa katikati, bila kuzungushwa, hauanzi kwa kubingirika. Huanza kwa kuteleza, msuguano unaushika chini, unaanza kujizungusha, na hatimaye kuteleza kunakwisha ukabaki kubingirika. Hapo kuna hesabu ninayoipenda sana. Kwenye ardhi ngumu iliyo sawa, mpira uliojaa ndani humaliza kuteleza ukiwa na sehemu tano kati ya saba za mwendo wake wa mwanzo, iwe ardhi ni kavu au imelowa. Ule wenye upepo ndani, ambao uzito wake wote uko kwenye ngozi, hubaki na sehemu tatu kati ya tano, yaani hupoteza zaidi. Ardhi inabadilisha umbali tu. Msuguano ukipungua nusu, safari ya kuteleza inaongezeka maradufu. Kipa wa nyasi zenye umande anadhani mpira umeongeza kasi, kumbe umechelewa kupoteza.

Wacheza bolingi, wanaobingirisha mpira mzito kuangusha pini, wanaishi na elimu hii. Njia yao, mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza, hupakwa mafuta kwa takriban mita 12 za mwanzo na kuachwa kavu mwishoni. Mpira huteleza kwenye mafuta, ukifika pakavu unashika na kupinda. Uzito wake hauruhusiwi kuzidi kilo 7.26, lakini mjuzi anatazama zaidi ganda: la plastiki laini huteleza sana, la utomvu wa kemikali hung'ang'ania, na lolote likisuguliwa kwa msasa hushika zaidi. Mafuta yakiwa mengi anachagua ganda linaloshika, yakiwa machache anachagua linaloteleza.

Kwetu kazi ya ganda hilo hufanywa na wavu. Kwenye nyasi zenye umande chagua wa kamba nene ya mgomba, wenye matuta, kwa sababu nailoni nyembamba iliyokazwa juu ya plastiki itakukimbia mguuni. Kwenye udongo mkavu uliokandamizwa na miguu, nailoni hiyohiyo inapendeza mno.

Mchanga una hali mbili. Ukingoni mwa maji, pale mchanga ulipolowa kidogo na chembe zikashikana, ni mgumu na mpira wowote mzuri unakwenda. Hatua chache juu, kwenye mchanga mkavu, mpira mdogo mzito unazama na kufa papo hapo. Huko unataka mkubwa na mwepesi, na hata mviringo wake ukiwa na dosari ndogo, usijali.

Kando ya mto mambo ni mengine. Mulongwe huleta mawe kutoka milimani, na katika mafuriko ya Aprili 2020, yaliyoua watu na kubomoa maelfu ya nyumba, watu wote waliona nguvu yake. Kwenye mawe hayo usishughulike na mbio za mpira, tazama uhai wake. Taka wavu wa tabaka mbili wenye matundu madogo. Vuta uzi mmoja kwa kidole: ukiinuka na kuwavuta jirani zake, kamba moja ikikatika zote zitafuata. Mafundo ya kila tundu yanapaswa kusimama yenyewe.

Matope yanaumaliza wa mgomba. Kamba inakunywa maji, mpira unakuwa mzito kipindi cha kwanza, na ukikauka kesho yake wavu umelegea. Kwa miezi ya mvua, nailoni na plastiki, basi. Na ukinunua wa mgomba wakati wa kiangazi, muulize fundi kamba zilikauka kabla ya kufumwa au baada. Zilizofumwa mbichi husinyaa. Binya katikati ya matundu mawili: kama wavu unateleza juu ya ganda, mrudishie aukaze upya kabla hujatoa pesa.