Kizingiti cha Ihefu na Mabonde ya Igamba

Kata ya Igamba, katika Wilaya ya Mbozi mkoani Songwe, ipo kwenye uwanda wa juu ambako mvua hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili na kisha hukatika kwa miezi kadhaa, kwa hiyo mabonde oevu ya uwanda huo, yaani sehemu za chini ambazo udongo wake hubaki na maji baada ya masika, hubeba wakati wa kiangazi bustani za mboga, maji ya mifugo na maji ya kumenyea na kuoshea kahawa, ambayo nayo huvunwa wakati huohuo wa ukame. Namna ya kulitunza bonde la aina hiyo inafundishwa vizuri na Ihefu, ardhioevu ya Usangu katika mkoa jirani wa Mbeya, kwa kuwa huko maji yalipimwa.

Ihefu hupokea mito inayoshuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere, na maji yake hutoka mahali pamoja tu, Ng'iriama, ambapo mwamba wa asili umekaa kama kizingiti cha mlango, kiasi kwamba maji yakipanda juu ya mwamba huo Mto Ruaha Mkuu hutiririka, na yakishuka chini yake mto hukatika hata kama nyuma ya kizingiti bado kuna eneo kubwa lenye maji. Kuanzia mwaka 1993 mto huo ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na lawama nyingi zikawaangukia wafugaji. Mradi wa utafiti wa Usangu uliofanyika kati ya 1998 na 2001 kwa ufadhili wa Uingereza ulionyesha kwamba chanzo kikuu kilikuwa maji yanayochepushwa na mifereji ya umwagiliaji wakati wa kiangazi. Hesabu zilizofuata zilibainisha kwamba ili mita za ujazo 0.5 kwa sekunde zivuke kizingiti, Ihefu ilihitaji kuingiziwa wastani wa mita za ujazo 7 kwa sekunde katika kiangazi, karibu mara mbili ya kiasi kilichokuwa kikiingia miaka hiyo, kwa sababu sehemu kubwa ya maji hupotea kwa jua na kupitia majani ya mimea kabla ya kufika Ng'iriama.

Jambo linalostahili kutazamwa kwa makini ni banio, yaani kizuizi kinachojengwa mtoni ili kuelekeza maji mferejini. Mabanio ya zamani ya miti, mawe na majani yalivuja, na uvujaji huo uliwafikishia maji wakulima wa chini bila mtu yeyote kukubaliana na mwenzake, lakini yalipojengwa ya zege yenye milango ya chuma, aliye juu alipata uwezo wa kuuchukua mto karibu wote hata unapokuwa mwembamba. Ujenzi ulioitwa uboreshaji uliondoa mgawo ambao haukuwa umeandikwa popote, na pengo hilo halikuzibwa kwa kuondoa mifugo Usangu mwaka 2006 na 2007, wala kwa kuliingiza eneo hilo katika hifadhi ya taifa mwaka 2008, kwani mto uliendelea kukatika.

Njia iliyogusa kiini ilikuwa ya kawaida sana. Bruce Lankford wa Chuo Kikuu cha East Anglia, akishirikiana na watafiti wengine wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, alibuni mchezo unaotumia ubao ulioinamishwa wenye mfano wa mto, ambamo gololi huviringika badala ya maji na wakulima huweka vijiti vidogo badala ya mabanio ili kuzielekeza kwenye mashimo yaliyo mfano wa mashamba. Wakulima wa juu walipoona gololi zote zimeishia kwao huku mashimo ya wa chini yakiwa matupu, mazungumzo ya zamu za maji yalianza pale pale kwenye ubao.

Kwa Igamba, ambayo maji ya uwanda wake ni ya Bonde la Ziwa Rukwa, zana za kisheria zipo tayari. Sheria ndogo ya kijiji, inayopitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuidhinishwa na halmashauri ya wilaya, inaweza kukataza kulima kwenye chemchemi na kumwaga kijitoni maji machafu ya kahawa, ambayo yakioza huwanyima samaki hewa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hata hivyo, nguvu ya kijiji inaishia mpakani mwake, na maji hayaishii hapo. Chombo kinachovuka mpaka ni jumuiya ya watumia maji, iliyowekewa msingi na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, ambayo huunganisha vijiji vya juu na vya chini, hupanga zamu, husuluhisha ugomvi na huwakilisha wanachama mbele ya bodi ya maji ya bonde. Kamati ya mazingira ya kijiji inayolinda majani ya bonde bila makubaliano na wenye mabanio ya juu inalinda bonde litakalokauka, na kwa hiyo kikao cha kwanza cha ulinzi kiwakutanishe wa juu na wa chini, kabla ya Juni, wakati mto ungali na maji ya kugawana.