Kuitafuta Parokia: Ufundi wa Kufuatilia Nasaba za Waayalandi

Kazi kuu ya anayefuatilia nasaba za Waayalandi waliohamia ng'ambo ni kuitambua parokia aliyotoka mhamiaji, kwa kuwa ni katika daftari za parokia ndimo watu wa kawaida walimoandikwa walipozaliwa na walipooa. Karani wa Marekani aliyemwandikisha mgeni katika karne ya 19, awe wa bandarini, wa sensa au wa mahakamani, mara nyingi aliridhika na neno moja tu, Ayalandi, na hivyo wajukuu wakarithi jina la nchi nzima pamoja na jina la ukoo ambalo maelfu ya watu walikuwa nalo. Kwa vitu hivyo viwili pekee, Patrick Murphy mmoja hawezi kutengwa na Patrick Murphy mwingine. Ufundi huu unastahili sifa kwa sababu umesimama juu ya wazo lenye hekima, kwamba mtu hutambulikana kwa mahali pake na kwa watu waliomzunguka, na kwamba anayetaka kumpata marehemu mmoja hana budi kuwajua majirani zake.

Ili uzito wa parokia ueleweke, ni lazima kwanza kueleza jinsi ardhi ya Ayalandi ilivyogawanywa. Kisiwa hicho kina majimbo 4 ya kale na kaunti 32. Kila kaunti iligawanywa katika baroni, yaani maeneo yaliyotokana na himaya za machifu na mabwana wa zamani. Chini ya baroni zilikuwapo parokia za kiserikali zipatazo 2,500, zilizotumiwa katika kodi na sensa. Na chini kabisa vilikuwapo vitongoji, zaidi ya 60,000, vingi vikiwa na ekari mia chache tu, ambavyo ndivyo wakulima walivyovitaja walipoulizwa kwao ni wapi. Sambamba na mgawanyo huo ulikuwapo mwingine wa Kanisa Katoliki, lenye parokia zake zaidi ya 1,000 na mipaka yake, kwa sababu Kanisa la Kianglikana la Ayalandi ndilo lililorithi parokia za zamani na majengo yake, huku Wakatoliki, walioishi kwa vizazi kadhaa chini ya sheria za kuwakandamiza, wakilazimika kujipanga upya. Kwa hiyo kitongoji kimoja chaweza kuwa ndani ya parokia ya kiserikali yenye jina hili na parokia ya Kikatoliki yenye jina lile, na asiyeijua tofauti hiyo hufungua daftari lisilo lake, akakosa, kisha akadhani kwamba aliyemtafuta hakuandikwa popote.

Kanuni ya kwanza ya ufundi huu huwashangaza wengi wanaoanza, kwani inaagiza kwamba jina la parokia litafutwe kwanza upande wa pili wa bahari, kule mhamiaji alikoishi na kufia. Mawe ya makaburi ya Waayalandi nchini Marekani mara nyingi hutaja kaunti ya asili na pengine parokia yenyewe. Benki ya akiba ya Emigrant, iliyoanzishwa New York mwaka 1850, iliweka daftari za kuwatambulisha wateja wake, ili asije mtu mwingine akachukua fedha zao, na humo makarani waliandika mahali pa kuzaliwa, majina ya wazazi na ndugu, na mara nyingi jina la meli na mwaka wa kufika. Gazeti la The Pilot la Boston, kati ya mwaka 1831 na 1921, lilichapisha matangazo ya watu waliokuwa wakiwatafuta ndugu waliopoteana nao, na kwa kuwa kila tangazo lilikusudia kumtofautisha mtu mmoja na wenye jina kama lake, lilitaja kaunti, parokia, na wakati mwingine hata kitongoji. Wajane wa askari waliokufa katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya Marekani, walipoomba pensheni, walitakiwa kuthibitisha ndoa zao, na wale waliofungia ndoa Ayalandi walilazimika kutaja walikofungia na kuleta ushahidi wake. Karani wa benki alikuwa akilinda akiba, naye mjane alikuwa akitafuta riziki ya watoto wake. Hakuna kati yao aliyekuwa akiandika historia, na ndiyo maana maneno yao yana thamani kubwa kwa mtafiti.

Pale ambapo mhamiaji mwenyewe hakuacha neno lolote, fundi huwageukia waliokuwa karibu naye: wasimamizi wa ubatizo wa watoto wake, mashahidi wa ndoa yake, wapangaji wenzake katika sensa, na waliozikwa ubavuni pake. Wahamiaji wa Ayalandi walifuatana, aliyetangulia akimtumia nauli aliyebaki, hivyo mtaa mmoja wa Boston au kambi moja ya wachimba makaa huko Pennsylvania iliweza kujaa watu wa sehemu moja ya Mayo au Cork. Ikiwa jirani watatu kati ya wanne wanajulikana kwamba walitoka parokia moja, basi huko ndiko mahali pa busara pa kuanza kumtafuta wa nne, ingawa bado si ushahidi kwamba alitoka huko.

Utafiti unapovuka bahari hukutana na pengo kubwa. Tarehe 30 Juni 1922, katika mapigano yaliyofungua vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ayalandi, mlipuko na moto viliteketeza Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa katika jengo la Four Courts mjini Dublin. Humo ziliangamia karibu sensa zote za mwaka 1821, 1831, 1841 na 1851, wasia wa karne nyingi, na zaidi ya nusu ya daftari za parokia za Kianglikana. Sensa za mwaka 1861 na 1871 zilikuwa zimekwisha kuharibiwa kwa amri ya serikali, na zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa malighafi ya karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, kiasi kwamba sensa za kwanza zilizosalia nzima kwa nchi yote ni za 1901 na 1911. Hasara hiyo inauma zaidi ikikumbukwa kwamba katikati ya karne ya 19 ilipita Njaa Kuu, iliyoanza mwaka 1845 kwa ugonjwa wa viazi, ikaua watu wapatao milioni moja na kuwafukuza wengine zaidi ya milioni moja kwenda ng'ambo, wengi wao wakiwa ndio hao hao wanaotafutwa leo.

Fundi wa nasaba hukabili pengo hilo kwa kuuliza ni nani mwingine aliyekuwa na sababu ya kuandika. Sheria ya mwaka 1908 iliyoleta pensheni ya wazee wenye umri wa miaka 70 iliwakuta Waayalandi wengi hawana cheti cha kuzaliwa, kwa kuwa serikali ilianza kusajili vizazi vyote mwaka 1864 tu. Basi wazee hao waliomba makarani wawatafute wakiwa watoto katika sensa za 1841 na 1851, na majibu ya maombi hayo yamehifadhi vipande vya kurasa ambazo baadaye ziliungua. Mwaka 1919 Herbert Wood, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa Ofisi ya Kumbukumbu za Umma, alichapisha mwongozo wa nyaraka zilizokuwamo. Baada ya moto mwongozo huo ukawa orodha ya vilivyopotea, na umewasaidia wataalamu wa Hazina ya Kidijitali ya Nyaraka za Ayalandi, iliyozinduliwa mwaka 2022 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Trinity cha Dublin, kutafuta nakala na muhtasari wa nyaraka hizo katika maktaba nyingine.

Mahali pa sensa zilizopotea pamezibwa kwa kiasi na nyaraka mbili za kodi. Ya kwanza ni daftari za zaka, zilizoandaliwa kati ya mwaka 1823 na 1837 ili kupanga zaka ambayo wakulima wa dini zote walitozwa kwa ajili ya Kanisa la Kianglikana, nazo huwataja walioshika ardhi ya kilimo na kuwaacha vibarua na watu wengi wa mijini. Ya pili ni Tathmini ya Griffith, iliyopewa jina la Richard Griffith aliyeisimamia, na iliyochapishwa kati ya mwaka 1847 na 1864 ili kukadiria thamani ya kila nyumba na shamba kwa ajili ya kodi ya kuwahudumia maskini. Kila mstari wake una namba inayoelekeza kwenye ramani, jina la mkaazi, jina la aliyempangisha, maelezo ya mali, ukubwa wa ardhi, na thamani ya ardhi na ya majengo kila moja peke yake. Walipowakuta watu wawili wa jina moja katika kitongoji kimoja, wakadiriaji waliongeza kazi ya mmojawapo, au jina la baba yake, au hata rangi ya nywele zake, na maelezo hayo madogo ndiyo yanayomwezesha mtafiti kujua yupi ni yupi. Tathmini hiyo iliendelezwa kwa daftari za masahihisho, ambamo mkaazi alipokufa au kuhama jina lake lilikatwa na la mrithi kuandikwa juu yake, mara nyingi kwa wino wa rangi nyingine pamoja na mwaka wa badiliko. Anayezisoma kwa utaratibu huweza kuliona shamba likipita kutoka kwa baba kwenda kwa mjane na kwa mwana, hadi karne ya 20.

Kitovu cha ufundi wote, hata hivyo, ni daftari la ubatizo na la ndoa la parokia ya Kikatoliki. Maktaba ya Taifa ya Ayalandi ilizipiga daftari hizo katika maikrofilamu, na tangu Julai 2015 picha zaidi ya 370,000 zinasomeka bure katika mtandao, nyingi zikiishia mwaka 1880. Lakini katika sehemu maskini za magharibi daftari nyingi huanza baada ya mwaka 1820, na mahali pengine baadaye zaidi. Katika mstari mmoja padri aliandika tarehe, jina la mtoto, la baba, la mama kwa ukoo wake wa kuzaliwa, na majina ya wasimamizi wawili, mara nyingine pamoja na kitongoji. Ukoo huo wa mama ni zawadi kubwa, kwa kuwa John Sullivan waweza kuwa kumi katika parokia moja ya Kerry, ilhali aliyemwoa mwanamke fulani wa ukoo wa Shea huenda akawa mmoja tu. Msomaji anatakiwa ajue pia kwamba padri aliyeandika kwa Kilatini alimfanya James kuwa Jacobus, na kwamba mtu aliyeitwa Tadhg nyumbani kwa Kigaeli aliweza kuandikwa Timothy au Thaddeus, naye Diarmuid akawa Jeremiah. Wasimamizi nao hawachukuliwi kama mapambo ya ibada, kwa kuwa kwa kawaida walikuwa ndugu au majirani, na jina lao likijitokeza tena kwenye ubatizo mwingine huko Marekani, ncha mbili za safari moja huwa zimekutana.

Ufundi huu hudai pia ujasiri wa kuikataa hadithi inayopendeza. Annie Moore wa Cork alikuwa mhamiaji wa kwanza kupokewa katika kituo cha Ellis Island kilipofunguliwa tarehe 1 Januari 1892, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba alielekea magharibi hadi Texas na kufia huko. Mtaalamu wa nasaba Megan Smolenyak alipozichunguza nyaraka aliona kwamba Annie Moore wa Texas alizaliwa Illinois, kwa hiyo hakuwa mhamiaji kabisa. Na mwaka 2006 ilibainika kwamba msichana wa Cork alibaki New York, akaolewa, akazaa watoto wengi, akafariki mwaka 1924 na kuzikwa Queens katika kaburi lisilo na jiwe, ambalo liliwekewa jiwe mwaka 2008. Maisha halisi ya mama huyo katika mitaa ya maskini yalikuwa na haki ya kujulikana, na hadithi nzuri ya mtu mwingine ilikuwa imeyafunika.

Mfano mwingine unaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Barack Obama, ambaye asili ya baba yake, katika Kogelo nchini Kenya, ilijulikana tangu mwanzo, alikuwa na upande wa mama uliohitaji kuchimbuliwa, na utafiti wa Smolenyak ulimfikisha kwa Falmouth Kearney, aliyemtangulia kwa vizazi vitano na aliyeondoka Moneygall, katika kaunti ya Offaly, mwaka 1850 akiwa kijana wa miaka kama 19. Uthibitisho ulipatikana katika kumbukumbu za Kianglikana za parokia ya huko, ambazo padri wake, Stephen Neill, alizikagua mwaka 2007. Kumbukumbu hizo hazikuwa Dublin mwaka 1922, na hivyo ziliokoka. Jina la Falmouth, ambalo ni adimu, lilisaidia, lakini hata jina adimu lilihitaji daftari la mahali fulani la kulithibitisha, na mwezi Mei 2011 Obama, akiwa rais wa Marekani, alikitembelea kijiji alichokuwa akitengeneza viatu baba wa Kearney.

Parokia ikishapatikana, mtafiti huwa amepata zaidi ya alichokitafuta, kwa sababu njia iliyomfikisha huko ilimlazimu kuwapanga upya wasimamizi, mashahidi, wapangaji na warithi wa mashamba ambao si wa ukoo wake. Wengi wa watu hao hawakumiliki ardhi, na hakuna aliyewatungia kitabu. Walitajwa kwa sababu walibatizwa, walitozwa au walizikwa, na fundi mwaminifu huwapa uangalifu uleule ambao wanahistoria huwapa wafalme. Ndiyo maana mtaalamu mzuri huandika kila alichokiona na mahali alipokiona, akitenganisha kilichothibitika na kinachodhaniwa, ili anayefuata aweze kukipima. Nasaba ya familia moja ikifanywa kwa uadilifu huo huwa tayari ni nusu ya nasaba ya jirani zake, na atakayekuja kuwatafuta jirani hao ataikuta njia imekwisha kufyekwa.