Jangwa, ukiwa au mahame?

Ukifika mwaka wa tatu wa Kilatini chuo kikuu, mambo ya kukariri viambishi yamekwisha. Unapewa kitabu chenyewe, halafu unatafsiri kwa sauti mbele ya wenzako. Mimi niliangukiwa na Agricola ya Tacitus, iliyoandikwa mwaka 98. Ni wasifu wa baba mkwe wake, gavana wa Roma kule Britannia. Yaani mkwe anamsifia mkwe.

Katikati ya sifa hizo, sura ya 30 mpaka 32, anasimama Calgacus, kiongozi wa watu wa kaskazini, kuwahutubia wapiganaji wake kabla ya mapigano ya Mons Graupius. Anauvua nguo utawala wa Roma. Hakuna mwandishi mwingine wa kale anayemtaja mtu huyu, na hotuba ikiisha hata Tacitus hamtaji tena.

Tulikaa kipindi kizima kwenye sentensi moja, ile maarufu kuhusu amani ya Warumi. Neno lililonitesa ni solitudo. Tafsiri nyingi za Kiingereza zimelifanya jangwa. Mimi silipendi. Jangwa ni mchanga na jua, kazi ya Mungu. Solitudo ni mahali pasipo watu. Kwa Kiswahili ningesemaje? Ukiwa? Linapendeza, ila lina harufu ya Biblia mno. Nikaandika pembeni ya ukurasa: mahame. Pale palipokuwa kijiji, miembe bado ipo, vigae vya vyungu vipo, wenyewe hawapo. Shida yake ni kwamba aliyehama alifunga virago, na hawa waliuawa. Tacitus mwenyewe anahesabu 10,000 upande wao na 360 upande wa Roma. Hata hivyo nabaki na mahame, maana ukipita penye mahame lazima utauliza walikuwa akina nani.

Na watendaji je? Katika sentensi ile wamefichwa ndani ya kitenzi, kama wa- yetu. Kiingereza hulazimika kuwatoa nje.

Nilipouliza kwa nini mkwe wa mtekaji aandike hotuba kali namna hii, nikajibiwa hilo ni swali la watu wa historia. Hapana bwana, ni swali la fasihi kabisa! Warumi walifundishwa kutunga hotuba za kila upande, na adui mkali humkuza aliyemshinda. Hilo sawa. Lakini Tacitus alikuwa ametoka kwenye utawala wa Domitian, miaka 15 anayoieleza mwenyewe kuwa ya kimya. Nadhani aliazima mdomo wa Calgacus kusema ya kwake. Ndiyo maana hotuba inauma kuliko mazoezi ya darasani, na ndiyo maana pia simsikii Calgacus mwenyewe humo. Mahame yake ni maradufu.

Kwenye mtihani kifungu kilekile kikaja, tafsiri kwa Kiingereza. Nikaandika jangwa, nikapewa alama zote.