"Kuna Aliyekufa?": Kumsoma Upya Ken Saro-Wiwa

Ndani ya A Month and a Day, kitabu cha kizuizini cha Ken Saro-Wiwa, kuna sehemu ndogo ambayo nimeirudia kuliko nyingine zote, na wala haihusu jela. Saro-Wiwa anasimulia alivyojaribu kuyashawishi mashirika makubwa ya nje yawasemee Waogoni, watu wake wa Delta ya Niger, ambao mafuta yaligunduliwa kwenye ardhi yao mwaka 1958. Greenpeace wakamwambia hawafanyi kazi Afrika. Amnesty International wakamuuliza: kuna aliyekufa? Kuna aliyefungwa? Akajibu hapana. Basi, hakuna la kufanya.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka, kicheko kile cha mtu aliyefumaniwa. Mimi ni mwandishi wa habari. Miaka michache iliyopita nilirudi kutoka kijiji kimoja na stori ya visima vilivyoharibika. Mhariri wa zamu hakuinua hata macho: "Kuna waliokufa?" Hakuna. Stori ikalala hapo. Kibaya zaidi, tangu siku ile na mimi nimeshawauliza hivyohivyo wenzangu wanaonipigia simu kutoka mikoani, tena bila kupepesa.

Kitabu kinahusu siku alizoshikiliwa kuanzia tarehe 21 Juni 1993, chini ya Jenerali Babangida, muda mfupi baada ya uchaguzi ambao MOSOP, vuguvugu la Waogoni alilolisaidia kulianzisha, liliwataka watu waususe. Kilichapishwa mwandishi akiwa ameshanyongwa, kikiwa na utangulizi wa rafiki yake William Boyd. Na niseme ukweli: kuna mahali kinachosha. Unamtaka yule mzee wa kiko mwenye ulimi mkali, unapewa maazimio. Unataka ujue chumba alicholala kilinukaje, unapewa hotuba nzima, kisha Hati ya Haki za Waogoni ya mwaka 1990. Nilichukua muda kuelewa kwamba nilikuwa nashika faili la kesi, na kwamba mwenye faili alijua anachofanya.

Alikuwa ameshasomea kazi hiyo. Mwaka 1990 alitembelea Marekani, na kule Colorado akaona kikundi cha watetezi wa mazingira kinavyoweza kuibana serikali na makampuni. Akajiunga na UNPO, umoja wa mataifa madogo yasiyo na kiti Umoja wa Mataifa. Mwaka 1992 akazungumza Geneva, mwaka uleule akatoa kitabu alichokiita Genocide in Nigeria. Mauaji ya halaiki! Neno limechaguliwa kwa kipimo cha sikio la mbali. Simaanishi alidanganya. Mafuta yalimwagika kwenye mashamba na vijito kweli, gesi iliwaka usiku na mchana kweli. Lakini mtu mwenye maumivu kumi alijifunza lipi litangulie mlangoni, na mazingira ndiyo yaliyofungua milango ambayo kilio cha kabila dogo kunyimwa haki na dola la kijeshi hakikuweza kuifungua.

Hapo ndipo fasihi inapolipa gharama. Chukua Sozaboy, riwaya yake ya 1985. Mene, yule kijana askari, anazungumza Kiingereza ambacho mwandishi mwenyewe alikiita kibovu, na hamfafanulii mtu. Ukielewa sawa, usipoelewa shauri yako. Ndani ya A Month and a Day kila aya inajua kuna msomaji London, amechoka, ana faili nyingine arobaini mezani, anatakiwa ashawishike kabla ya chai. Linganisha na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, iliyotungwa jela Kenya kati ya 1969 na 1972: tungo zile zimekaa ndani ya bahari zake, na msomaji wa Mombasa hahitaji kutafsiriwa machungu yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kampeni ilimuua msanii kabla ya Abacha kumuua mtu. Mimi sifiki huko. Tarehe 4 Januari 1993 watu wanaokadiriwa kufikia 300,000 waliandamana katika nchi ya Waogoni, katika kabila la watu takriban nusu milioni. Hao hawakutengenezwa Geneva. Na Amnesty, kwa haki yao, walikuwa na kazi yenye mipaka: wafungwa, mateso, adhabu ya kifo. Baadaye walimtangaza mfungwa wa dhamiri, na Greenpeace nao wakaingia. Mlango ulifunguka. Ulifunguka alipokuwa na jibu linalokubalika.

Kinachonisumbua ni kingine. Muungano wa kimataifa unahitaji sura moja. Mwezi Mei 1994 viongozi wanne wa Waogoni waliuawa na kundi la watu pale Giokoo, mmoja wao Edward Kobani, rafiki wa zamani wa Saro-Wiwa. Ndiyo kesi aliyobambikwa. Katika mabango ya Ulaya wanne hao hawakupata nafasi kubwa, walivuruga hadithi. Na walionyongwa Port Harcourt tarehe 10 Novemba 1995 walikuwa tisa: Saro-Wiwa, Barinem Kiobel, Saturday Dobee, Paul Levura, Nordu Eawo, Felix Nuate, Daniel Gbokoo, John Kpuinen na Baribor Bera. Mimi mwenyewe, angalia kichwa cha makala hii, nimeweka jina moja.

Siku ile viongozi wa Jumuiya ya Madola walikuwa Auckland. Mandela alikuwa ameshauri mazungumzo ya chinichini. Kesho yake Nigeria ikasimamishwa uanachama. Sasa kulikuwa na waliokufa.

Ukitaka kumpata Saro-Wiwa mwenyewe, nenda kwenye Silence Would Be Treason, barua zake kwa Sista Majella McCarron, mtawa wa Ireland. Zilitoroshwa kutoka kizuizini ndani ya vikapu vya mkate, na leo zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Maynooth. Ni mambo ya kampeni na mambo ya familia, yamechanganyika, yameandikwa kwa haraka. Msomaji wake ni mmoja tu na hahitaji kushawishiwa, sentensi zinapumua. Kwangu hizo ni bora kuliko kitabu, japo bila kitabu nisingezitafuta.

Juni 2025 Rais Tinubu aliwapa wale tisa msamaha. Watetezi wao wakauliza, msamaha wa kosa gani? Wanataka hukumu ifutwe.

Vile visima sijavirudia. Namba ya mwenyekiti wa kijiji bado ninayo kwenye simu.