Miguu ya Mwili Mmoja

Vitabu viwili vitakatifu vinatumia mfano mmoja, kwamba jamii ya watu ni kama mwili. Cha kwanza ni Rigveda ya Wahindu, wimbo wa 90 wa kitabu cha kumi. Cha pili ni Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 12. Tukivisoma pamoja tutaona mahali ambapo imani yetu inaachana na fundisho la kale la matabaka, na pia mahali ambapo sisi wenyewe tunapimwa.

Tusichanganye Mhindi na Mhindu. Mhindi ni mtu wa asili ya India, naye anaweza kuwa Mkristo, Mwislamu au Singasinga. Mhindu ni mfuasi wa dini. Nayo dini hiyo ina mafundisho mengi. Tunalohakiki hapa ni moja tu, wala si majirani zetu.

Wimbo huo unamtaja Purusha, mtu wa mwanzo mwenye vichwa elfu, ambaye miungu walimtoa sadaka ulimwengu upate kuwapo. Kinywa chake kikawa Wabrahmana, yaani makuhani na walimu. Mikono yake ikawa watawala na wapiganaji, walioitwa Wakshatriya. Mapaja yakawa Wavaishya, wafugaji, wakulima na wafanyabiashara. Miguuni wakatoka Washudra, watumishi. Wataalamu wengi wanauhesabu kuwa miongoni mwa nyimbo za mwisho kuingia katika Rigveda, na wenyewe hauweki sheria yoyote. Ungeweza kusomwa kama wimbo wa umoja, kwamba wote wametoka katika mwili mmoja.

Haukusomwa hivyo. Karne nyingi baadaye Sheria za Manu, ambazo kwa kawaida huwekwa kati ya mwaka 200 K.K. na 200 B.K., zilirudia mfano uleule na kuufanya msingi wa amri. Mshudra alipewa kazi moja, kuwatumikia wa juu yake, wala hakuruhusiwa kujifunza Veda. Wachandala, waliohesabiwa kuwa chini ya wote, waliamriwa kukaa nje ya kijiji.

Fundisho la kuzaliwa tena ndilo lililotia nguvu mpango huo. Chandogya Upanishad inasema wenye mwenendo mwema huzaliwa katika matabaka ya juu, na waovu huzaliwa mbwa, nguruwe au Mchandala. Hapo kuzaliwa kumekuwa hukumu. Maskini analipa deni asilolikumbuka, na hana mtu wa kumlalamikia.

Hata hivyo, haki inatudai tuseme lililo upande wa pili. Upanishad hiyohiyo inasimulia habari za Satyakama, kijana ambaye mama yake hakujua ni ukoo gani wa baba wa kumtajia. Alipoulizwa na mwalimu alisema kweli, naye akapokewa kwa ajili ya ukweli wake. Katika Bhagavad Gita, Krishna anayaeleza matabaka manne kwa sifa na matendo ya watu, na Wahindu wengi leo hushika neno hilo kupinga ubaguzi wa kuzaliwa.

Paulo naye hakatai kwamba viungo vinatofautiana. Lakini anasema kiungo kinachoonekana dhaifu ndicho cha lazima, na kile kilichopungukiwa na heshima Mungu amekizidishia heshima. Tena Bwana wa mwili huu alijifunga kitambaa akaosha miguu ya wanafunzi. Katika mwili wa Purusha miguu inabaki chini. Katika mwili wa Kristo, Kichwa kinainama miguuni. Na wanafunzi walipomwuliza juu ya kipofu tangu kuzaliwa, ni nani aliyetenda dhambi, Yesu alikataa hesabu hiyo: si yeye wala wazazi wake.

Je, Kanisa limeuishi ujumbe huu? Bartholomäus Ziegenbalg na Heinrich Plütschau, wamisionari wa kwanza wa Kilutheri nchini India, walifika Tranquebar mwaka 1706. Katika sharika zilizozaliwa na kazi hiyo, Wakristo wa matabaka ya juu waliketi mbali na wa chini, na mahali pengine waliwatangulia kwenye Meza ya Bwana. Misheni ya Leipzig, ileile iliyofika Kilimanjaro mwaka 1893, ilivumilia matabaka huko India kwa hoja kwamba ni desturi ya jamii tu. B. R. Ambedkar, aliyezaliwa miongoni mwa wale walioitwa wasioguswa, alipouacha Uhindu mwaka 1956 aliingia Ubuddha. Kanisa lilikuwa mlangoni pake, na hakuingia.

Basi tusijivune. Kila tunapomwambia mgonjwa au mgumba kwamba analipa laana ya ukoo wake, tumerudi kwenye hesabu ambayo Yesu aliikataa. Kila tunapoweka viti vya mbele kwa wenye fedha, na yule anayefagia kanisa tukamjua kwa ufagio wake bila kulijua jina lake, tunausoma mwili wa Kristo kama Manu alivyousoma mwili wa Purusha. Tumebatizwa katika mwili mmoja, na ubatizo hauulizi mtu alizaliwa wapi. Tuanze kwa kulijua jina la yule anayefagia.