Kengele ya Ulinzi Wakati wa Mgao: Tazama Chaja Kabla ya Betri

Umeme ukikatika, kengele ya ulinzi ya nyumbani huhamia kwenye betri yake bila mwenye nyumba kufanya lolote. Katika paneli nyingi betri hiyo ni ile iliyozibwa, ya volti 12 na ampea-saa 7. Mfumo ukizimika kabla umeme haujarudi, ushauri unaotolewa haraka ni kuweka betri kubwa zaidi. Kwa nchi yenye mgao, ushauri huo hautoshi.

Kuna mitihani miwili tofauti. Usiku wa 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya iliingia gizani kwa mkupuo mmoja. Hapo kinachopimwa ni ujazo wa betri. Mgao ulioisumbua Tanzania mwishoni mwa 2023 hadi mwanzoni mwa 2024 ulikuwa mtihani mwingine: umeme unakatika, unarudi, unakatika tena kabla betri haijajaa. Hapo kinachopimwa ni chaja. Kiwango cha Ulaya cha EN 50131 kinataka mfumo wa daraja la pili udumu saa 12 bila umeme, lakini kinaruhusu hadi saa 72 za kuijaza betri upya. Saa 72 za umeme mfululizo ni jambo ambalo mgao hautoi.

Tuchukue mfumo wa kawaida. Paneli inakula miliampea 120, vipadi viwili vya namba vinakula 100, vihisi mwendo vinane 120, na kifaa cha kutuma ujumbe kwa laini ya simu 60. Jumla ni miliampea 400. Betri mpya ya ampea-saa 7 itadumu kama saa 17. Betri ikizeeka na kubaki na asilimia 80 ya nguvu zake, saa zinashuka hadi 14. Kwa usiku mmoja, mfumo huu unafaulu.

Sasa uweke kwenye mgao wa saa 12 kila siku. Usiku unatumia ampea-saa 4.8. Mchana, chaja iliyo ndani ya paneli, tuseme ya miliampea 350 kama ilivyo katika baadhi ya paneli ndogo, inasukuma ampea-saa 4.2, na katika hizo kama 3.6 tu ndizo zinazobaki ndani ya betri, kwa kuwa sehemu hupotea wakati wa kuchaji. Kila siku kuna deni la ampea-saa 1.2. Hata betri mpya iliyojaa itazimika usiku wa tatu. Ukiongeza betri ya pili kama hiyo sambamba na ya kwanza, mfumo utazimika usiku wa tisa. Umenunua muda tu. Deni liko palepale. Mbaya zaidi, betri za risasi zikikaa muda mrefu bila kujaa huharibika mapema.

Kazi inayofaa hufanyika kwa hatua mbili. Ya kwanza ni kupunguza matumizi. Kipadi kisichotumika kikiondolewa na taa ya kile kinachobaki ikizimwa, miliampea 70 zinaokolewa. Kamera na kinasa picha visiguse kabisa betri ya kengele. Deni sasa ni kama ampea-saa 0.4 kwa siku: dogo, lakini bado ni deni.

Hatua ya pili ndiyo kiini. Vihisi na king'ora vinahamishiwa kwenye kisanduku cha pili cha umeme, chenye chaja yake na betri yake ya ampea-saa 7. Waya hasi wa kisanduku hicho lazima uunganishwe na waya hasi wa paneli, la sivyo ishara hazitaeleweka, na kila betri iwe na fyuzi yake. Paneli inabaki na miliampea 210: usiku inatumia ampea-saa 2.5, mchana inarudishiwa 3.6. Deni limekwisha. Hata betri zikizeeka, paneli itadumu zaidi ya saa 26 na vihisi zaidi ya saa 40, king'ora kikiwa kimelia robo saa.

Njia za mkato zina hatari. Betri mbili zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 24 na kuiunguza paneli. Betri ya gari kwenye chaja ya miliampea 350 haitajaa kamwe kwenye mgao. Betri ya lithiamu isiwekwe bila idhini ya mtengenezaji wa paneli, kwa sababu chaja iliundwa kwa ajili ya risasi.

Joto nalo lihesabiwe. Betri hizi hupimwa kwa nyuzi 25 za Selsiasi, na kila ongezeko la nyuzi 10 hupunguza uhai wake kwa karibu nusu. Kisanduku kilichowekwa juu ya dari chini ya bati, Dar es Salaam au Mombasa, kinaiua betri taratibu. Kishushwe chumbani, penye hewa. Na kama taarifa hupitia intaneti, ruta nayo iwe na akiba yake.

Kwa hiyo, kabla hujatoa pesa ya betri, mtake fundi apime na kukuandikia namba mbili: mfumo unakula miliampea ngapi, na chaja inarudisha ngapi. Fundi asiyeweza kukupa namba hizo asikuuzie betri.